Maswali ya Ujenzi: Jengo la abiria juu ya bahari iliyofukiwa, na kiwanja cha bondeni Kyela

Barua za toleo hili zimeanzia mbali, kwenye viwanja vya ndege vilivyojengwa juu ya bahari, zikaishia kwenye kiwanja cha nyumba Kyela. Tumezijibu pamoja kwa sababu kinachozisumbua zote ni kimoja: maji yaliyojificha ndani ya udongo laini, na muda yanaohitaji ili yatoke.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi hapa Iyunga, Mbeya. Tunasoma kwamba uwanja wa ndege wa Kansai, Japani, unatitia kila mwaka. Uwanja wetu wa Songwe hautitii. Je, Wajapani hawakushindilia vizuri?

Walishindilia. Lakini roli ya kutetemesha ya tani 10 nguvu yake hufika nusu mita hadi mita moja chini, basi. Kinachotitia Kansai kiko chini zaidi ya hapo. Uwanja ule uko juu ya kisiwa kilichofukiwa katika ghuba ya Osaka, penye maji ya kina cha mita 18 hivi. Chini ya maji kuna tabaka la mfinyanzi laini la takribani mita 20, na chini yake tena matabaka ya mfinyanzi wa kale yanayoendelea mamia ya mita. Songwe umekaa juu ya ardhi kavu ya asili iliyokwisha kubeba uzito wake kwa karne nyingi, kwa hiyo hakuna maji ya kukamua.

Ichukulie hivi. Tope la bahari linaweza kuwa na karibu kilo moja ya maji kwa kila kilo ya udongo mkavu. Ukilibebesha kifusi, mzigo wote kwanza unabebwa na maji, si na chembe za udongo. Maji yanatafuta pa kutokea, na kwenye mfinyanzi yanatoka kwa kunyemelea. Kila yanapotoka kidogo, chembe zinasogeleana na ardhi inashuka.

Sasa piga hesabu. Chukua tabaka la mita 20 lenye mchanga juu na chini, kwa hiyo njia ndefu ya maji ni mita 10. Kiwango cha kukamuka kikiwa mita 2 za mraba kwa mwaka (kawaida kwa tope kama hilo), asilimia 90 ya mtitio itachukua 0.848 (namba ya kanuni kwa asilimia 90) × 10 × 10 ÷ 2, yaani miaka 42. Zingatia kwamba urefu wa njia umejizidisha wenyewe: ukiupunguza kwa nusu, muda unapungua mara nne. Ndiyo maana wajenzi hutoboa tope na kushusha mikanda ya plastiki ya kunyonya maji, au visima vyembamba vilivyojazwa mchanga. Mikanda ikikaa mita 1.5 kutoka mmoja hadi mwingine, maji hayana haja ya kupanda mita 10. Yanakwenda kando chini ya mita moja tu na kukuta njia. Miaka 42 inakuwa miezi 10 au 11. Kwenye eneo la kazi hesabu mwaka mzima, kwa sababu chuma kinachoshusha mkanda huvuruga tope pembeni na kuziba vinjia vyake.

Kansai walifanya hivyo: visima vya mchanga vya kipenyo cha sentimita 40, umbali wa mita 2.5, kama milioni moja kwa kisiwa cha kwanza. Tabaka la juu lilikamuka vizuri. Yale ya kale, yaliyo chini mno, hayakufikiwa na visima, na hayo ndiyo yanayoendelea kushuka. Uwanja ulipofunguliwa Septemba 1994 kasi ilikuwa kama sentimita 50 kwa mwaka; kufikia 2008 ilikuwa kama sentimita 7. Tangu kifusi cha kwanza kumwagwa, kisiwa kimeshuka zaidi ya mita 13 kwa wastani.

Hong Kong walichagua njia nyingine pale Chek Lap Kok, uwanja uliofunguliwa Julai 1998 wenye hekta 1,248, robo tatu zake zikiwa bahari iliyofukiwa. Sehemu kubwa ya tope walilichimba kwa meli za kuchimbia, wakalitupa, kisha wakajaza mawe na mchanga. Ni ghali na ni chafu kwa bahari, ila muda wa kungoja unapungua sana. Miaka mingi baadaye, kwa njia ya tatu ya kurukia, waliliacha tope palepale na kulichanganya na saruji humohumo chini ya maji. Kati ya njia zote tatu, mkanda na kungoja ndiyo nafuu zaidi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka za mwenye mradi.

SWALI: Ni msimamizi wa ujenzi, Mafinga. Kwa nini wasishushe paili, yaani nguzo ndefu za ardhini, hadi kwenye mwamba tangu siku ya kwanza, wajenge jengo la abiria bila kungoja tope likamuke?

Ndugu yetu, wapo waliojaribu, na jengo halikuzama. Vilivyozama ni vitu vyote vinavyolizunguka.

Paili ikifika kwenye mwamba inasimama, lakini udongo unaoizunguka bado unashuka, na ukishuka unaivuta. Badala ya udongo kuisaidia paili kwa msuguano, unaning'inia juu yake. Chukua paili ya kipenyo cha mita 1 inayopita kwenye mita 20 za tope na kifusi, msuguano wa wastani ukiwa kilopaskali 20, yaani kilonewtoni 20 kwa kila mita ya mraba. Eneo la ubavu ni 3.14 × 1 × 20, karibu mita za mraba 63. Mara 20 ni kilonewtoni 1,257, yaani tani 128 zilizoongezeka juu ya paili kabla jengo halijawekwa hata tofali moja. Mhandisi asiyezihesabu anashangaa paili ikititia au kichwa chake kikipasuka. Dawa yake ni kupaka lami ubavuni mwa paili za kupigwa, au kuweka bomba la nje kwenye sehemu ya juu. Dawa iliyo bora kuliko hizo ni kungoja.

Halafu kuna milango. Jengo limesimama, uwanja wa nje umeshuka sentimita 20: mkokoteni wa mizigo haupandi, bomba la maji taka limekatika pale linapotoka ukutani, na nyaya za umeme zimevutika kama kamba ya mbuzi. Kwa hiyo kila penye mpaka kati ya jengo lenye paili na ardhi ya kifusi panawekwa jamvi la mpito, upande mmoja limeegemea jengo na upande mwingine ardhi, ili tofauti igeuke mteremko badala ya ngazi. Mabomba yanapewa viungo vinavyokunjika, na maji taka yanapewa mteremko wa ziada tangu mwanzo.

Tahadhari nyingine inahusu kasi ya kumwaga kifusi. Tope lenye nguvu ya kilopaskali 10 linabeba kama kilopaskali 51 kabla halijapasuka. Ukiacha akiba ya usalama ya 1.3 unabaki na 39, nazo ni mita 2 na kidogo tu za kifusi. Dereva akimwaga mita 4 kwa wiki moja, tope linafinywa pembeni na kuibuka mbele ya kifusi kama kiazi kinavyopasua tuta. Likishaibuka limevurugika na limedhoofika, na kulirekebisha ni gharama kuliko kulichimba lote. Mwaga mita moja na nusu, soma vipimo vya shinikizo la maji, ngoja lishuke, ndipo umwage tena.

SWALI: Mwalimu mstaafu, Makambako. Nimesikia jengo la Kansai huinuliwa kwa jeki. Inawezekanaje bila vioo kupasuka?

Inawezekana, mwalimu, kwa sababu huinuliwa kidogo kidogo na kwa zamu. Jengo lile lina urefu wa kilomita 1.7 na nguzo zake ni kama 900. Chini ya nguzo iliachwa nafasi ya jeki tangu michoro ya kwanza. Wapimaji husoma urefu wa kila nguzo. Iliyoshuka kuliko jirani zake huinuliwa kwa jeki, mabamba ya chuma husukumwa chini ya kitako chake, kisha jeki hutolewa.

Kinachopasua kioo ni tofauti ya kushuka kati ya nguzo na jirani yake. Jengo lote likishuka mita nzima kwa usawa, kuta hazina habari. Kanuni inayotumika duniani ni kulinganisha tofauti hiyo na umbali kati ya nguzo. Ikivuka 1 kwa 300, kuta za kujaza huanza kupasuka. 1 kwa 150, fremu yenyewe inaumia. Anayetaka usalama hubuni kwa 1 kwa 500. Kwa nguzo zilizo mita 8 mbalimbali, hizo ni milimita 27, 53 na 16. Kwa hiyo anayepima nguzo lazima asome milimita.

SWALI: Mimi ni fundi nondo wa Iringa mjini. Nimepata kibarua pwani, kumimina paili kwenye eneo lililofukiwa. Niangalie nini?

Hongera kwa kazi. Tutakwenda taratibu hapa, kwa sababu paili ikishamiminwa vibaya hakuna anayeiona tena.

Kifusi cha baharini kina mawe na matundu, hivyo mita za juu zishikwe na kesingi, bomba la chuma linaloshushwa kabla ya kutoboa. Chini ya hapo shimo linasimamishwa na uji wa bentonaiti, aina ya mfinyanzi unaozuia kuta za shimo zisibomoke. Uji huo uwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 hadi 2 wakati wote. Na kumbuka, ukiwa pwani maji ya ardhini yanapanda na kushuka na bahari. Usawa uliotosha asubuhi maji yakiwa yamekupwa hautatosha jioni yakijaa, na shimo litabomoka usiku wakati hakuna mtu.

Kabla ya kushusha nondo, chukua sampuli ya uji kutoka kitakoni. Mchanga ndani yake usizidi asilimia 4. Ukizidi, mchanga huo utatua kitakoni na zege litakaa juu ya godoro, safisha upya. Nondo ziwe na vitenganishi vya kuacha milimita 75 za zege pande zote, maana chumvi ya bahari ndiyo adui yao. Ringi zifungwe imara au zichomelewe pale kreni itakaponyanyulia, la sivyo kizimba chote kitapinda kikiwa hewani.

Zege liwe laini: likipimwa kwa koni ya kupimia ulaini, lishuke milimita 180 hadi 220. Lina saruji isiyopungua kilo 400 kwa mita ya ujazo, na maji yasiyozidi lita 180 kwa kiasi hicho. Ulaini uliobaki utoke kwenye dawa ya kulainishia, usitoke kwenye mpira wa maji. Saruji yenye pozolana (unga wa mawe ya volkano) au majivu inafaa zaidi, kwa sababu huziba vinjia ambavyo chumvi ingepitia.

Linamiminwa kwa bomba refu linalofika kitakoni. Kitako cha bomba kianze sentimita 15 hadi 20 juu ya sakafu ya shimo, na likishaanza kumimina libaki limezama ndani ya zege angalau mita 3. Hapa ndipo makosa makubwa hutokea: bomba likivutwa juu kwa haraka likatoka kwenye zege, uji na tope huingia katikati, na paili inakuwa vipande viwili vilivyotenganishwa na tope.

Sasa mbinu ambayo ningependa kila fundi aishike. Paili ya kipenyo cha mita 1 na urefu wa mita 30 inameza mita za ujazo 23.6; agiza 26. Kila gari la mita za ujazo 6 linapaswa kuinua zege mita 7.6. Teremsha kamba yenye uzito baada ya kila gari, uandike. Zege likipanda mita 9, shimo limebana mahali fulani, ukuta umeingia ndani. Likipanda mita 5, zege limekwenda kwenye pango. Vyote viwili vinajulikana palepale, kabla zege halijaganda, kama kuna mtu mwenye kamba na daftari. Bila daftari utangoja vipimo vya sauti vya baada ya wiki mbili, na wakati huo dawa pekee ni kutoboa paili nyingine pembeni.

Mimina zege lipite usawa wa kukatia paili kwa karibu mita moja. Zege la juu limechanganyika na uji, nalo litavunjwa hadi ufikie lililo safi. Wasimamizi wachoyo hupunguza mita hiyo ili kuokoa zege, usikubali.

SWALI: Mzee wa Tukuyu. Milimani kwetu kuna mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini. Hayawezi kufaa kwa kazi hizo za kifusi?

Shikamoo mzee. Swali lako ni la kihandisi hasa. Kifusi cha kawaida kina uzito wa kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, na mawe yako mengi ni kati ya 700 na 1,000. Ukitumia mepesi, mtitio wa ardhi laini unapungua karibu nusu. Wanorwe walianza mwaka 1972 kutumia vipande vikubwa vya povu la plastiki chini ya barabara kwa sababu hiyohiyo.

Lakini uyaweke juu ya maji ya ardhini, kwa sababu kifusi kinachoelea kikifunikwa na mafuriko kitainua sakafu. Na usiyapitishie roli nzito, yatasagika na kugeuka unga mzito uliokuwa ukiukimbia. Roli ndogo, tabaka la sentimita 30, kisha juu yake sentimita 30 za moramu ili kuyalinda.

SWALI: Mbalizi. Je, tetemeko linaweza kuangusha jengo lililo juu ya kifusi?

Mchanga uliomwagwa ndani ya maji bila kushindiliwa unaweza kugeuka uji kwa sekunde chache za mtikisiko. Ilitokea kwenye visiwa vya kufukiwa vya Kobe, 17 Januari 1995. Sisi tuko kwenye bonde la ufa, na tetemeko la 13 Desemba 1910 upande wa Rukwa lilikuwa na ukubwa wa 7.4 hivi, kwa hiyo suala hili ni letu pia. Kwa viwanja vya ndege hushushwa chuma kizito kinachotetemeka, kila baada ya mita 2.5 hadi 3, mpaka mchanga ukae. Nyumba yako ya Mbalizi iliyo juu ya udongo mkavu haina hatari hiyo mahususi. Hatari yake ni kuta zisizo na mkanda wa zege juu ya milango na madirisha.

SWALI: Mama mjane, Kyela. Nimenunua kiwanja kilichokuwa jaruba la mpunga. Nimemwaga kifusi mita moja na nusu. Fundi anataka kuanza msingi wiki ijayo. Nimruhusu?

Mama, pole na hongera kwa hatua uliyofikia. Usimruhusu bado.

Watu wengi hudhani nyumba ndiyo itakayoizamisha ardhi. Tazama uzito. Mita moja na nusu ya kifusi ni kilopaskali 27. Nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, ukiisambaza sakafu nzima, ni kama 10. Kifusi chako ni kizito kuliko nyumba karibu mara tatu, na kimewekwa juzi. Jaruba linashuka sasa hivi, nyumba haipo. Kwa maneno mengine, kifusi chako ni ule mzigo wa kukamulia wanaoutumia kwenye viwanja vya ndege; kiache kifanye kazi.

Kwanza chimba mashimo manne kwenye pembe, hadi upite kifusi na nusu mita ndani ya jaruba. Ukikuta mashina ya mpunga, majani na udongo mweusi unaonuka uliofunikwa, fundi hakuondoa tabaka la juu. Mizizi huoza na kuacha nafasi, na nafasi hiyo hushuka bila mpangilio. Chini ya nyumba itabidi itolewe. Angalia pia kifusi kilivyo: kikiwa na mabonge, taka au udongo wa mbuga unaopasuka kiangazi, hakifai. Moramu au mchanga wenye kokoto ndogo unafaa. Kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kikiwa na unyevu wa kutosha: finyanga konzi, lishike umbo lakini lisikutoe maji vidoleni.

Pili, pima. Mwambie mchomeleaji akutengenezee vipimo vitatu: bamba la chuma la sentimita 30 kwa 30, na nondo ya milimita 16 iliyochomelewa katikati, yenye urefu wa mita mbili. Kichimbiwe hadi bamba likae juu ya udongo wa jaruba, nondo ivikwe bomba la plastiki ili kifusi kisiivute, kisha kifusi cha shimo kirudishwe na kushindiliwa. Weka alama ya kudumu kwenye nyumba ya zamani au jiwe kubwa lililo nje ya eneo lako la kifusi. Kila mwezi linganisha vichwa vya nondo na alama hiyo kwa mpira wa maji ulio wazi, ujaze bila mapovu, na uandike tarehe na milimita. Mpira hauoni tofauti ndogo kuliko milimita 2 au 3, kwa hiyo usiamue kwa usomaji mmoja. Vyote vitatu vikishuka chini ya milimita 5 kwa miezi mitatu mfululizo, na masika yawe yamepita juu yake, ardhi iko tayari. Kimoja kikiendelea kushuka huku viwili vimetulia, upande huo una tope nene zaidi; ongeza nusu mita ya kifusi hapo, ungoje, kisha uitoe.

Tatu, msingi wa mawe wa mkanda mwembamba, kama wanaoujenga Tukuyu kwenye udongo mgumu, haufai hapo. Unahitaji jamvi moja la zege lenye nondo, linaloifanya nyumba ielee kama mtumbwi. Kwa nyumba ya mita 10 kwa 12, mhandisi anaweza kuanzia na unene wa sentimita 20, nondo za milimita 12 kila sentimita 20 pande zote mbili, juu na chini, na kingo nene zaidi chini ya kuta. Zege ni mita za ujazo 24 bila kingo. Kwa mifuko saba ya kilo 50 kwa kila mita, ni mifuko 168. Chini yake mimina kwanza zege jepesi la sentimita 5, nondo zisilalie udongo. Mhandisi aliyesajiliwa aikague michoro hiyo kabla hujanunua nondo.

Mabomba ya choo yapite nje ya jamvi mapema iwezekanavyo, yakiwa na kiungo cha mpira pale yanapotoka, na maji ya paa yapelekwe kwenye mtaro ulio angalau mita 3 kutoka ukutani. Shimo la choo lisiwekwe ndani ya kifusi, kwa sababu maji yake yatalainisha upande mmoja tu wa nyumba, na upande huo ndio utakaopasuka.

Ikiwa fundi amekwisha kuleta mawe, yatumie kujengea ukingo wa kifusi upande wa mto. Maji ya masika ya Kyela hula kifusi kutoka pembeni, na ukingo huo unaweza kuujenga wiki ijayo bila kungoja chochote.